Nguruwe Waliomtangulia Mfalme

Kabla ya kuua simba, Mbega aliua nguruwe. Katika Habari za Wakilindi jambo hili ni dogo, na wasomaji wengi hulipita haraka kwa sababu simba ndiye anayempa mtu jina. Mimi naomba tusimame kwanza kwa nguruwe. Mwindaji kutoka Ngulu anapanda milima ya Usambara na mbwa wake na mikuki yake. Anakutana na watu ambao nguruwe mwitu wanawamalizia mazao. Anawaua wale nguruwe na kuwagawia watu nyama, nao wanampa chakula cha shambani. Baada ya muda wanaanza kumletea kesi zao awaamue. Sifa zake zinafika Vuga, wazee wanakuja kumchukua, njiani anaua simba, na akifika anapewa nchi. Ndivyo unavyoanza utawala wa Wakilindi, na kwa wengi wetu ndivyo inavyoanza historia ya Usambara.

Swali langu ni la kishamba kabisa: wale nguruwe walikuwa wanakula nini?

Nguruwe mwitu hana ugomvi na mtu asiyelima. Anakuwa adui pale msitu ulipofyekwa, mbegu ikafukiwa, na mtu akakaa kungoja miezi kadhaa kabla ya kula. Kwa hiyo kisa chenyewe, kabla hakijamfikisha mfalme, kimekwisha kukiri kuwa kuna mashamba. Kuna akiba ya kutosha hata mgeni na watu wake walishwe. Kuna vijiji vinavyopashana habari. Kuna kesi, na penye kesi pana sheria, hata kama hazikuandikwa popote. Kitabu kilichotungwa kueleza mwanzo kinatuonyesha, bila kukusudia, kwamba mwanzo ulikuwa umepita zamani.

Mwandishi wake, Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, alikuwa mtu wa Kiswahili wa pwani aliyewatumikia Wakilindi na kuwajua kwa karibu. Maandishi yake yalichapwa na wamisionari wa Kiingereza huko Magila, kati ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Mwaka 1962 yalitolewa upya jijini Nairobi na East African Literature Bureau, J.W.T. Allen akiwa mhariri, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka mmoja baadaye. Ni miongoni mwa nathari ndefu za mwanzo za Kiswahili zilizopata kuchapwa, na bado inasomeka. Watu wake wanazungumza, wanadanganyana, wanaogopa, wanacheka. Anayedhani nathari ya Kiswahili ilianza na riwaya za shule akisome kitabu hiki.

Wala si kitabu cha kasuku wa ikulu. Abdallah anawaonyesha Wakilindi wakigombana wao kwa wao na kuwauza watu wao. Anaieleza pia Kiva, ule uasi ambao baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862 uliwafanya Wabondei wawafukuze Wakilindi katika nchi yao. Kitabu kinachoanza na wakulima wakimkaribisha mtawala kina ujasiri wa kutuonyesha wakulima wakimtoa. Hilo ni jambo kubwa kwa mwandishi aliyekula chumvi ya watawala.

Basi kasoro ninayoisema si ya woga. Ni ya mahali pa kuanzia. Kitabu kinaanza na kuzaliwa kwa mtu mmoja, tena kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Anaponea chupuchupu katika desturi ya watu wake ya kuwaua watoto wa namna hiyo, ananyimwa urithi, anakimbia. Tunamfuata yeye hatua kwa hatua, na Usambara inaingia kitabuni pale tu yeye anapoiona. Milima inakuwa kama chumba chenye giza kinachomsubiri mwenye taa. Waliokuwamo chumbani wanapata kazi moja tu, ya kulalamikia nguruwe.

Wasomaji wa pwani wanaujua muundo huu. Katika masimulizi ya Kilwa, mgeni Mshirazi anafika kisiwani na kukinunua kwa nguo, nguo nyingi za kukizunguka kisiwa kizima. Kule ni nguo, huku ni nyama. Mgeni anafika na kitu mkononi na wenyeji wanampa nchi. Lakini ili uuziwe kisiwa lazima umkute wa kukiuza. Neville Chittick alipochimba Kilwa, kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, alikuta chini ya mji wa mawe tabaka za makazi ya zamani zaidi, za watu walioishi katika nyumba za miti na udongo. Mji wa mawe ulisimama juu ya mji mwingine. Masimulizi yaliukumba ule wa chini kwa nguo.

Wala si tabia ya Waafrika peke yao. Wasumeri, katika nchi iitwayo Iraki leo, waliandika orodha ya wafalme wao wakaanza na ufalme kushuka kutoka mbinguni hadi mji wa Eridu. Wakati huo watu wa mabonde yale walikuwa wamelima kwa maelfu ya miaka. Anayeandika historia kwa kawaida hukaa karibu na anayetawala, na ukikaa hapo, mwanzo wa mtawala huonekana kama mwanzo wa dunia.

Sasa tuuache ukurasa, tuulize udongo. Mwaka 1967 Robert Soper alichapisha matokeo ya kazi yake juu ya maeneo ya Zama za Chuma kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Alikuta, Usambara na Upare, vigae vya vyungu vya jamaa moja na vile alivyovichimba Kwale, kusini mwa Mombasa: vyungu vyenye kingo zilizokatwa mshazari na mapambo ya mistari shingoni. Vile vya Kwale vilipimwa na kuonekana kuwa vya karne ya 3 hivi. Mbega, kwa makadirio ya mwanahistoria Steven Feierman, alifika mwanzoni mwa karne ya 18. Kati ya chungu na mfalme kuna zaidi ya miaka 1,400.

Jaribu kuijaza miaka hiyo. Mwenye chungu anapika, na mwenye kupika anarudi mahali pale pale jioni. Chuma kinahitaji mtu anayelijua jiwe lenye madini, mtu anayejua mti gani unatoa mkaa wa moto mkali, watu wa kuvukuta mifuo kwa zamu, na kijiji cha kuwalisha wote hao siku wasizolima. Haya ni mambo ya jamii iliyokwisha kugawana kazi. Makala muhimu ya Peter Schmidt kuhusu makazi ya kale ya Usambara imo katika kitabu cha mwaka 1989 kinachohusu hifadhi ya misitu, mahali ambapo msomaji wa historia hatatazama. Lakini pengine ndipo inapostahili kukaa, kwa sababu inautibua ule usemi wa vipeperushi vya watalii, kwamba misitu hii haijawahi kuguswa na mkono wa mtu.

Udhaifu wa wanaakiolojia ni kinyume cha ule wa Abdallah. Yeye ana majina na hana wakati. Wao wana wakati na hawana majina. Hata chungu cha Usambara kinaitwa cha Kwale, kwa kuwa ndugu yake wa Kenya alitangulia kuandikwa. Ukisoma ripoti zao unapata kipimo cha ukingo na kina cha shimo, lakini humsikii mtu akimwita mwenzake. Ndiyo maana Habari za Wakilindi zimeshinda. Kati ya kigae kisicho na jina na kijana kigego aliyeua simba, watu watamkumbuka kijana.

Hapo ndipo Feierman anapoingia. Kitabu chake The Shambaa Kingdom, cha mwaka 1974, bado ndicho kipimo cha wote wanaoandika juu ya milima hii. Alikataa kukichukua kisa cha Mbega kama taarifa ya yaliyotokea, akakisoma kama fikra. Nyama inatoka porini, chakula cha shambani kinatoka nyumbani. Mwindaji hana makao, mkulima hana mahali pengine. Mbega anaziunganisha nchi mbili na kuwa mtu wa zote. Pia alitueleza jinsi Washambaa walivyoigawa dunia yao: shambaai, milimani penye baridi na mvua, na nyika, tambarare ya joto chini. Aliyekaa karibu na ukingo wa mlima aliweza kulima huku na huku, na mwaka ambao mvua ilikosa upande mmoja, upande wa pili ulimwokoa. Hiyo ni elimu. Haikutoka Ngulu na mbwa wa kuwindia.

Feierman anaeleza pia kwa nini watu waliokuwa wakijiendesha kwa koo zao walikubali mfalme. Wageni walikuwa wanaingia milimani, wakiwamo Wambugu, wafugaji wa ng'ombe wenye desturi na lugha yao, ambayo hadi leo inawashangaza wanaisimu kwa kuwa na maneno mengi yenye asili ya Kikushi juu ya sarufi ya Kibantu. Koo zilizozoea kuyamaliza mambo kwa kuoana na kukaa vikao zilijikuta na majirani wasiooana nao wala kukaa kikao kimoja. Nani angeamua kati yao?

Turudi kitabuni na swali hilo, na hapa ndipo Abdallah anaponipendeza kuliko anavyojua mwenyewe. Mbega hapewi nchi kwa sababu ameshinda vita. Anapewa kwa sababu anaamua kesi vizuri, na anaweza kuziamua kwa sababu hana ukoo pale. Hana mjomba wa kumpendelea. Kile kile kilichomfukuza kwao, kukosa watu, ndicho kinachomfaa ugenini. Ukikisoma kisa hivyo, mpangilio unageuka. Mfalme hakuuleta ustaarabu. Ustaarabu ulikuwa umekua hadi ukazaa magomvi makubwa kuliko vikao vyake, ukatafuta mwamuzi kutoka nje.

Neno ustaarabu lenyewe linatuponza. Limebeba Uarabu ndani yake, na kwa karne nyingi lilimaanisha tabia za mtu wa mjini pwani: kanzu, kusoma, nyumba ya mawe. Aliyekuwa nayo alistaarabika. Asiyekuwa nayo alikuwa mshenzi wa bara. Wasomi wa Ulaya nao walikuwa na orodha yao. V. Gordon Childe, katika makala yake ya mwaka 1950 kuhusu mapinduzi ya miji, alitaja alama kumi za kutambua miji ya kwanza, zikiwamo majengo makubwa ya umma na maandishi. Kwa mizani ya pwani au ya Childe, Usambara kabla ya Vuga haina uzito.

Lakini iweke Engaruka kwenye mizani hiyo hiyo. Pale chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, watu walijenga mifereji na kuta za mawe na kumwagilia mashamba yapatayo hekta 2,000. Hakuna ikulu iliyopatikana, wala maandishi, wala jina la mfalme. Maji hayagawanyiki kwenye eneo kubwa namna hiyo bila watu kukubaliana zamu, kuadhibu mwizi wa maji, na kurekebisha mfereji uliobomoka kwa jirani. Kama hiyo si kazi ya ustaarabu, basi neno hilo halina kazi.

Nisieleweke kuwa nawatafutia wakulima wa kale pepo waliyoipoteza. Desturi iliyotaka kumuua mtoto kwa sababu ya meno yake haikuwa ya wafalme. Ilikuwa ya wazazi na majirani. Koo zina ukatili wao, na yawezekana baadhi ya watu waliofurahia mwamuzi mgeni ni wale waliokuwa wamechoshwa na wajomba zao. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba watu hao, wema na wabaya, walikuwapo, na walikuwa na mawazo.

Mawazo yao tunaweza kuyaona hata ndani ya ufalme. Katika Peasant Intellectuals, kitabu chake cha mwaka 1990, Feierman anafuata misemo miwili ya Kishambaa: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa hiyo. Mvua ikinyesha na mashamba yakizaa, ameiponya; njaa ikiingia, ameiharibu. Tazama mizani hiyo ni ya nani. Mwindaji angempima mtu kwa simba aliyemuua. Mizani ya mvua na mazao ni ya mkulima, nayo haikuhitaji kumsubiri Mbega itengenezwe. Mfalme alitoka nje, lakini alipimwa kwa kibaba cha wenyeji.

Na kisa cha kwamba watu wa mlimani walikuwa wakingoja mtu wa kuwaanzishia maisha hakikubaki kitabuni. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo wa bonde la Mlalo, ambao baadaye ulipanuliwa Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta katika miteremko, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Hilo hakulibuni mtu. Lakini mpango uliwatazama wakulima kana kwamba walikuwa wameukuta mlima jana. Watu walikataa matuta, wengine wakashtakiwa na kutozwa faini, na kabla ya uhuru mpango ukaachwa. Bwana shamba wa wakati ule pengine hakumsoma Abdallah. Alikuwa na kisa chake mwenyewe chenye umbo lile lile: mgeni anapanda mlimani na kitu mkononi.

Kutoka Mlalo hadi Rangwi si mbali, na nadhani Rangwi ni mahali pazuri pa kukisomea kitabu hiki, kwa sababu ya kile ambacho Rangwi sicho. Si Vuga. Hapakuwa kitovu cha ufalme, na anayefuata njia ya miguu kutoka Lushoto kwenda Mtae hupita hapo akiwa na mawazo ya mandhari ya Mtae. Ukianza historia na mfalme, Rangwi inaingia kama mahali pa kutuma mtu akakusanye kodi. Ukianza na mteremko uliofyekwa, na jembe, na mtu aliyekesha akifukuza nguruwe, Rangwi iko katikati. Migomba iliyopandwa katika milima hii asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia. Mahindi na viazi vinavyouzwa sokoni leo asili yake ni Amerika. Kila zao lilijaribiwa na mtu fulani katika kipande fulani cha ardhi, likafa upande wa kivuli, likastawi upande wa jua, na habari zikapita kwa jirani. Kazi hiyo haikupata mwandishi wake wa Kiswahili.

Jambo hili lina haraka yake. Sasa shule za sekondari zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na vijana watahitaji vitabu vya Kiswahili vya kusoma. Tuna jozi ya picha tulizozizoea. Ya kwanza ni Olduvai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi, pamoja na zile nyayo za Laetoli za miaka zaidi ya milioni 3.6. Ya pili ni Kilwa na wafalme wa bara. Katikati tunaruka, kana kwamba mtu alisimama wima Laetoli akatembea moja kwa moja hadi kwenye kiti cha enzi. Katika kuruka huko ndimo walimo waliofyeka, waliofinyanga, waliofua chuma na waliopanga zamu za maji, yaani karibu kila mtu aliyepata kuishi katika nchi hii.

Habari za Wakilindi zifundishwe. Lakini mwalimu akifika kwenye simba, na darasa lipige makofi kama inavyostahili, awarudishe wanafunzi kurasa chache nyuma. Awaulize shamba lililoharibiwa lilikuwa la nani. Awaulize nani alikipika chakula alichopewa Mbega badala ya nyama, na katika chungu cha namna gani. Kitabu hakitawajibu, lakini kimewaachia nguruwe, na nguruwe hawaendi pasipo na shamba.